Mwani unakufa kwa joto maji mafupi: je, wanawake wahamie maji marefu?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Sisi ni kikundi cha wanawake 24 tunaolima mwani pwani ya Lindi. Miaka hii, kuanzia Desemba mpaka Machi, mwani wetu wa aina ya kotonii unageuka mweupe, unakatika na kusombwa. Wamekuja watu wa mradi wakasema bahari imepata joto, tuhamie maji marefu, na wao watatupa boti na kamba. Lakini wanaojua kuogelea kati yetu ni watatu tu, na wanaume wameshaanza kujiandikisha. Tunaogopa shamba litakuwa lao. Tukubali au tukatae? Na tukikubali, tuanzie wapi? (Katibu wa kikundi)

JIBU: Marahaba, dada katibu. Msiukatae mradi, ila msiupokee kwa sura uliyoletwa nayo. Kwamba maji marefu yanaokoa mwani ni kweli. Lakini huko mwenye chombo ndiye mwenye shamba, hata kama kwenye karatasi limeandikwa jina la kikundi. Ushauri wangu ni kuyatumia maji marefu kama ghala la mbegu (vipande vya mwani hai vya kupanda tena) la watu wote 24, kwa miezi minne hivi tu ya mwaka, na shamba la kuuza libaki pale mnapofika kwa miguu.

Kwanza hakikisheni ugonjwa wenyewe, maana si kila mwani mweupe umeuawa na joto. Kotonii hustawi maji yakiwa kati ya nyuzi 25 na 30 za Selsiasi. Yakikaa kwenye 31 au 32 kwa siku kadhaa huacha kukua, na bakteria ambao siku zote wapo majini hupata mlango. Hapo ndipo unapoona kipande cha katikati ya tawi kimekuwa cheupe kama mfupa, na siku mbili tatu baadaye tawi linakatikia hapo hapo. Wataalamu huuita aisi-aisi. Spinosamu, aina nyingine ya mwani, huvumilia joto zaidi, ingawa bei yake ni ya chini.

Sasa, bahari ya wazi haifiki joto hilo kirahisi. Linalofika ni dimbwi linalobaki wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida. Pwani yetu maji ya bamvua hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na hayarudi ya kutosha mpaka jua limeshapita utosini. Lindi iko nyuzi 10 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua huwa wima juu yenu mara mbili kwa mwaka, Oktoba na Februari, na hilo la Februari linaangukia katikati ya kaskazi, msimu wa upepo wa kaskazini, upepo ukiwa mwepesi na maji hayachanganyiki. Zamani dimbwi lilianza kupata moto kutoka kwenye bahari iliyopoa kidogo. Leo bahari yenyewe inaanzia juu.

Mvua kubwa huleta ugonjwa unaofanana na huo. Mto ukimwaga maji matamu kwenye ghuba, chumvi ikipungua mwani wote hupauka na kulainika kwa pamoja, kuanzia nchani, ndani ya siku chache. Mkiona hivyo baada ya mvua, kwenda maji marefu ya mbele ya mdomo wa mto huo huo hakusaidii kitu. Hamieni upande wa pili wa ghuba. Nywele nyeusi na vipele kwenye matawi ni magugu ya baharini, hayo huondolewa kwa mkono na kwa kutikisa kamba. Na ncha zilizokatwa safi bila weupe wowote ni meno ya samaki aitwaye tasi. Kasa hula mashina makubwa zaidi.

Nunueni kipimajoto cha maji, kile cha kawaida cha kioo au cha betri. Kifungeni kwenye kamba, usawa wa mwani ulipo, kisomwe maji yakiwa yamepwa, kila siku ya bamvua, na kiandikwe na mtu mmoja. Bamvua mbili zenye 32 au zaidi ni ushahidi tosha kwamba eneo lile halifai kotonii mpaka kusi, msimu wa upepo wa kusini, irudi. Bila namba hizo mtabishana na mradi kwa hisia.

Halafu kuna hesabu ambayo watu wa miradi hawaionyeshi wakulima, na ndiyo inayoeleza kwa nini kipato chenu kinaanguka ghafla kuliko mwani unavyoonekana kupungua. Chukua kamba moja ya mita 10, mbegu kila sentimita 20, yaani mbegu 50, kila moja gramu 100: kilo 5 za mbegu. Mwani ukikua kwa asilimia 4 kwa siku, baada ya siku 42 unavuna kilo 26 hivi. Ukitoa kilo 5 za kupanda tena zinabaki 21, na kwa kuwa kilo 8 mbichi hutoa kama kilo 1 kavu, umepata kilo 2.6 za kuuza. Joto likishusha ukuaji mpaka asilimia 2, kamba ile ile inatoa kilo 11 na nusu. Toa mbegu, zinabaki 6 na nusu, kavu kilo 0.8. Ukuaji umepungua nusu, lakini mfukoni umebaki chini ya theluthi moja, kwa sababu mbegu hula sehemu yake kwanza. Ukishuka mpaka asilimia 1 unabaki na kama kilo 0.3 tu za kuuza, na matawi yakianza kukatika hata mbegu huna. Ndipo mwanamke anapoanza kukopa mbegu kwa mnunuzi, na mnunuzi akishamkopesha mbegu na kamba, bei anapanga yeye. Hasara kubwa ya joto iko hapa kwenye mbegu, zaidi hata ya yale mavuno ya Januari, na humwumiza zaidi yule asiye na akiba: mjane, mama anayelea wajukuu, mwenye ulemavu aliyekuwa na kamba kumi tu.

Kwa hiyo, kabla ya boti, yapo mambo ya kufanya kwa miguu. Desemba mpaka Machi pandeni spinosamu maji mafupi na kotonii ipumzike. Bei ni ndogo, lakini spinosamu iliyo hai ina faida kuliko kotonii iliyokatika. Hamisheni kamba kutoka kwenye mabwawa yaliyotuama mpaka kwenye mikondo, pale maji yanapopita hata wakati wa kupwa. Mahali pa goti kwenye maji yaliyopwa kabisa ni pazuri kuliko pa kifundo. Punguzeni msongamano: kati ya kamba na kamba acheni sentimita 30 badala ya 20, maji yapite. Mwani ukianza kuonyesha weupe, uvuneni bamvua hiyo hiyo, msisubiri siku 45. Mnunuzi atalalamika kwamba haujakomaa, na kweli unga unaotengenezwa kutokana nao unakuwa hafifu, lakini kesho hautakuwepo. Ule mweupe uanikeni peke yake, msiuchanganye na mzuri, na msiuache majini ukielea kwenye kamba za jirani.

Mikondo mizuri ni michache, na hapo ndipo ugomvi unapoanzia ndani ya kikundi chenyewe, hata kabla wanaume hawajafika. Wenye nguvu huwahi. Gaweni mikondo kwa kura kila mwanzo wa kaskazi, na sehemu iliyo karibu zaidi na ufuko itolewe kwenye kura kabisa, wapewe wazee, wajawazito na wenye ulemavu. Vigingi msikate mikoko. Mikoko yote ni hifadhi ya serikali chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), kuikata bila kibali ni kosa, na mkandaa mnaoukata ndio uliokuwa unazuia tope la mto lisifike kwenye mwani wenu. Tumieni mivinje, vigingi vyake vikiliwa na wadudu wa baharini badilisheni.

Sasa maji marefu. Nimesema ghala la mbegu, na nina sababu ya hesabu. Shamba dogo linaloelea lenye kamba 60 haliwezi kuwalisha wanawake 24. Kwa ukuaji wa asilimia 4, kamba 60 hutoa kilo 156 kavu kwa mzunguko. Gawanya kwa 24, ni kilo 6 na nusu kwa mtu, na bado hujalipa chombo. Ndiyo maana miradi ya aina hii huishia mikononi mwa watu watano: kwa watano inalipa. Lakini kamba hizo hizo 60, mzunguko wa mwisho wa kaskazi, zina kilo 1,560 za mbegu hai. Kila mwanamke akipata mbegu za kamba 10, yaani kilo 50, zinatumika 1,200, na 360 zinabaki kwa ajili ya watakaopoteza. Kamba 10 za Aprili, kwa maji ya baridi, zinakuwa kamba 50 baada ya mzunguko mmoja. Hakuna aliyekopa mbegu, na hakuna aliyelazimika kuogelea ili apate haki yake.

Msimu nao unawabeba. Kaskazi ndiyo yenye joto, na ndiyo pia yenye bahari tulivu zaidi. Kusi ndiyo yenye mawimbi, na wakati huo maji mafupi yamepoa, kwa hiyo hamhitaji kwenda mbali. Shamba linaloelea liingie majini mwanzoni mwa Desemba na litoke wiki ya pili ya Aprili. Msirefushe hata mkibembelezwa na mavuno. Kimbunga kilichoipiga Lindi mwaka 1952 kilikuja Aprili. Kenneth kiliingia Msumbiji, jirani kabisa na Mtwara, tarehe 25 Aprili 2019. Hidaya kilifika pwani yetu mwanzoni mwa Mei 2024, na mvua zake zilikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi. Vimbunga si vingi huku, lakini vikija hupenda mkia wa msimu. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari kabla ya siku yenu ya kutoa, toeni kamba zenye mwani na mziache fremu. Fremu mtaitengeneza, mbegu hamtaipata.

Ujenzi wake hauna uchawi. Gaweni kamba 60 katika fremu mbili za mita 10 kwa mita 15, kila moja kamba 30 zilizoachana nusu mita. Fremu iwe ya kamba ya milimita 12, kamba za kupandia milimita 4 au 5, mbegu zifungwe kwa taitai (vikamba vidogo vya kufungia) kama mlivyozoea, msiibane mbegu yenyewe, kazeni fundo tu. Mahali pawe na kina cha mita 2 mpaka 3 maji yakiwa yamepwa kabisa. Kwa kuwa bamvua huongeza zaidi ya mita 3, hesabuni kina cha juu kuwa mita 6, na kamba ya nanga iwe mara tatu yake, mita 18. Kosa la kawaida ni kuifanya fupi ili kuokoa fedha: maji yakijaa inavuta nanga juu, na fremu inasafiri.

Nanga zenyewe zifanyeni za zege. Jiwe la kilo 50 likizama hubaki na uzito wa kama kilo 29 tu, kwa hiyo wekeni mawili kila kona na moja katikati ya kila upande mrefu, jumla 10 kwa fremu. Viroba vya mchanga ni rahisi lakini huchanika kabla msimu haujaisha. Pale kamba ya nanga inaposuguana na jiwe, ipitisheni ndani ya kipande cha bomba la mpira. Maboya ni madumu ya lita 5 kwenye kona na pande, na chupa za lita moja na nusu kwenye kamba za kupandia, ili mwani ukae sentimita 30 mpaka 50 chini ya uso wa maji. Kila wiki madumu hukwanguliwa chaza na magugu, la sivyo huzama polepole na mwani unafuata. Tasi wakizidi, tumieni neti za bomba, yaani mwani unaingizwa ndani ya neti ndefu badala ya kufungwa kwa taitai. Mtafiti wa mwani Dk. Flower Msuya amezieneza sana Zanzibar kwa ajili ya kotonii ya maji marefu. Dema (mtego wa samaki) moja au mawili chini ya fremu yatawapa tasi wa mboga, na hiyo ni haki yenu. Kubalianeni mapema nani anategua.

Nakuja kwenye chombo. Mradi unasema boti. Waulizeni boti ya aina gani. Kama shamba liko ndani ya nusu kilomita, mtumbwi mpana au dau la kusukumwa kwa upondo na kasia linatosha, na wanawake wanaweza kulimudu. Mashine inaleta mafuta, fundi na nahodha, na vyote vitatu kijijini ni vya wanaume. Hatari kubwa iko siku ya kuvuna: fremu moja ina kama kilo 780 za mwani mbichi, unaovuja maji na kuteleza. Igawanyeni safari nne za kilo 200, msishawishike kufanya mbili. Chombo cha mwani huweza kuzama kwa mzigo hata pasipo wimbi.

Kama itabidi mkodi chombo cha mtu, msikubali utaratibu wa uvuvi ambapo chombo kinachukua fungu la mavuno. Uvuvi ni bahati ya siku moja, ndiyo maana chombo kina fungu. Mwani ni kazi ya siku 42 ambayo sehemu kubwa, kufunga mbegu, inafanyika ufukoni. Fungu la theluthi kwa kamba 60 ni sawa na kilo 52 kavu. Safari nane za kukodi, hata kila moja ikigharimu sawa na kilo 3 kavu, ni kilo 24. Lipeni kwa safari. Na mwanaume anayejua bahari mwajirini kwa safari hizo hizo. Hakuna ubaya, ubaya ni awe mwanachama mwenye kura na nyinyi mkawa vibarua wake wa kufunga taitai.

Kuogelea: wale watatu wawafundishe wengine, maji ya kiuno, bamvua ikijaa jioni, wanawake peke yao. Anayetaka kupanda chombo aweze kuelea chali dakika tano akiwa na nguo zake za kazi, na kusogea mita 25 mpaka kwenye kamba. Kanga iliyolowa huvuta chini. Vaeni suruali nyepesi na dera fupi. Jaketi okozi kwa kila anayepanda, pamoja na anayejua kuogelea. Wanane wakifaulu panatosha kwa zamu. Wasiotaka wasilazimishwe, na daftari liandike wazi kwamba saa ya kufunga mbegu ufukoni ina thamani sawa na saa ya chombo. Sheria hiyo moja ndiyo itakayowaweka wazee ndani ya kikundi.

Fedha za kuanzia: mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu) haina riba, na kikundi kilichosajiliwa chenye akaunti kinaweza kuomba. Iombeni kwa kamba, zege na chanja za kuanikia, si kwa mashine. Na marejesho muombe yaanze baada ya mavuno ya pili ya kusi. Mkianza kulipa Januari mtauza mbegu.

Kabla ya kusaini chochote, andikeni orodha ya wanachama wote: kila mmoja alikuwa na kamba ngapi kusi iliyopita, ngapi kaskazi, na kama ana kipato kingine. Orodha hiyo ina kazi mbili. Baada ya mwaka mmoja mtaona nani ameongezeka na nani amedondoka, na kama waliodondoka ni wale wale waliokuwa na kamba chache, mradi umekosea hata kama jumla ya kilo imepanda. Pia kimbunga kikipita, tathmini ya hasara huona kwa urahisi paa lililoezuliwa na ekari ya mahindi. Kamba iliyosombwa haiachi alama. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati mpaka ngazi ya kijiji. Ipelekeeni nakala ya orodha sasa, bahari ikiwa shwari, isiandikwe siku ya msiba.

Mambo manne yaingie kwenye muhtasari wa halmashauri ya kijiji, na afisa uvuvi na BMU (kikundi cha kijiji cha kusimamia uvuvi) wawe na nakala: chombo na nanga ni mali ya kikundi, si ya mradi wala ya mwenyekiti, mbegu za Aprili zinagawanywa sawa kwa kila mwanachama, eneo la maji mafupi halichukuliwi na mtu mwingine wakati kamba ziko maji marefu, na mradi unaacha akiba ya kamba na maboya ya msimu wa pili. Hilo la tatu watu husahau, wakirudi Aprili wanakuta vigingi vya wengine.

Mkishayaandika, waiteni watu wa mradi waje siku ya bamvua, saa nne asubuhi, wakiwa na viatu vya kuingilia majini, na kipimajoto chenu kiwe mkononi mwa yule mama mwenye kamba chache kuliko wote.